Mtu Mmoja, Kula Moja

Clifford alirudi kutoka Nairobi akiwa amebadilika mwendo. Wallahi, wiki mbili tu za kozi ya kompyuta, na mtu tuliyemjua hapa Kakamega tangu akiuza penseli mojamoja sasa anatembea kama aliyemeza rula. Aliingia dukani asubuhi bila kujibu salamu yangu, akabwaga faili mezani, akasema, "Swafia, tunaleta ficha mpya."

"Ficha?" nikamuuliza. "Unaficha nini?"

"Fichaz, bwana! Features, Kizungu hicho. Za ukuta. Mambo ya kisasa."

Mimi ni mtu wa Mumias. Kwetu kuficha ni kuondoa kitu machoni pa watu, na maana nyingine siijui. Lakini nilimwacha, maana mtu akiwa amevimba hivyo humpasui, unamngoja apasuke mwenyewe.

Ukuta aliousema ulikuwa ubavu wa duka lake la daftari na kalamu, ule upande unaotazama njia ya sokoni. Kila Jumatatu tulibandika hapo habari za michezo na burudani: vipande tulivyokata magazetini, pamoja na kurasa walizotuandikia watu wetu kwa mkono. Mpira ulitoka Lugari, muziki na disko za hapa mjini aliziandika msichana mmoja aitwaye Beverlyne, na mapigano ya mafahali yalitoka Khayega. Kila mmoja aliandikia kwao, sisi tukazikusanya pamoja. Watu walisoma bure, kisha wakakumbuka kwamba nyumbani hakuna kalamu, wakaingia dukani. Hapo Clifford alikuwa na akili, nisimnyime haki yake.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha kwa kalamu nyekundu, kunakili kwa hati nzuri kwenye karatasi kubwa, na kubandika kwa uji wa unga wa ngano. Kusahihisha ndiko kulikonimaliza. Watu wa huku, l na r kwao ni mapacha, hata mama yao hawatofautishi. Mtu anakuandikia kwamba mlinda lango "arirara gorini", nawe ukae ukune kichwa. Nilikuwa nacheka peke yangu, na siku nyingine nikawacheka wenyewe wakiwa wamesimama mbele yangu. Mama yangu aliniambia tangu zamani kwamba ulimi wangu utanitia kisimani, nami nikamjibu kwamba najua kuogelea.

Mzee Onesmus peke yake sikumcheka sana. Kwa miaka ishirini alikuwa mtangazaji wa mapigano ya mafahali, Khayega na Shinyalu kote. Ngoma za isukuti zilinyamaza aliposhika kipaza sauti, na fahali hakuwa ameshinda mpaka Onesmus aseme ameshinda. Kisha koo likapata ugonjwa. Madaktari wakakata walichokata, akarudi nyumbani mzima, lakini sauti haikurudi naye. Tangu siku hiyo alining'iniza daftari dogo shingoni kwa kamba, na ukimuuliza jambo anakuandikia. Siku aliyotuletea ukurasa wake wa kwanza nilimuuliza anataka nini. Akaandika: "Nataka kusema. Hapa kwa ukuta ndio mdomo yangu imebaki."

Basi akawa anasema. Kila alipotaka kuandika "fahali" aliandika "fahari", na mimi nikawa nazirekebisha moja moja. Juma moja nilihesabu kumi na tisa. Na alijua kuandika yule mzee! Alikuonyesha udongo unavyoruka, na mwenye fahali anavyosahau umri wake akarukaruka na fimbo. Kila Jumatatu watu wa Khayega waliteremka kwa baiskeli na kwa miguu. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakashangilia kama wako uwanjani. Mzee alisimama nyuma yao, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anatangaza.

Sasa rudi kwa Clifford na ficha zake. Kule Nairobi alionyeshwa kwenye kompyuta pahali panapokusanya habari za mpira na muziki za dunia nzima, kama ukuta wetu, ila huo hauhitaji uji wa ngano. Watu wanabonyeza kuonyesha walichopenda. Kisichopendwa kinashuka, kinashuka, mpaka hakionekani tena.

"Na sisi tutabonyeza ukuta?" nikamuuliza.

"Tutapiga kula," akasema.

Alimaanisha kura. Mdomoni nimeshamzoea. Akanieleza: chini ya kila ukurasa kutawekwa mkebe, na kando yake bakuli la njugu. Msomaji atachukua njugu moja na kuitia katika mkebe wa ukurasa alioupenda. Jumamosi adhuhuri tutahesabu, na wenye njugu chache kuliko zote utatoka ukutani moja kwa moja. Nafasi yake atapewa mwingine.

"Na ukiwa ni wa Mzee Onesmus?"

"Ukiwa wa mwisho, utatoka. Sheria haina mzee. Lakini wa Onesmus utakosaje? Si Khayega yote hukuja hapa?"

Hapo alisema kweli, na moyo wangu ukatulia. Nikamwambia, "Basi nipe karatasi niandike maelezo, watu waelewe."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Swafia, wewe kazi yako ni kubandika. Mambo ya ficha niachie mimi. Hukufanya kozi."

Ebo! Mimi? Na yeye aliyekuwa hajui kuandika jina la duka lake mpaka nikamshika mkono? Nilienda kukoroga uji wangu huku nimefura. Clifford akachukua brashi na rangi nyekundu, akaandika juu ya bakuli kwa herufi kubwa zenye kujivuna, na mshale unaoelekea kwenye njugu:

MTU MMOJA, KULA MOJA.

Niliiona kabla rangi haijakauka. Ingetosha kusema neno moja tu, na Clifford angefuta kwa kitambaa. Sikusema. Nilimeza kicheko mpaka mbavu zikaniuma. Debe tupu, nikasema moyoni, acha livume na soko zima lisikie. Jioni ile Clifford akafunga safari ya Lugari kutafuta waandishi wapya wa mpira, akaniachia gunia la njugu na ufunguo wa duka. Alisema atarudi Jumamosi.

Asubuhi ya Jumanne wakaja wasomaji. Wakasoma kurasa, wakasoma na tangazo, wakatii. Mtu mmoja, kula moja. Kila mtu alichukua njugu yake, akaitafuna, akashukuru, akaenda zake. Wengine walipanga foleni. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekula moja, akamkaripia jirani yake aliyekula mbili. Lo! Desemba nchi nzima ilipanga foleni kupiga kura na hakuna aliyetafuna karatasi, lakini hapa watu wazima wanatafuna kura zao na kupangusa midomo. Nilikuwa nachungulia dirishani nikifuta machozi ya kucheka. Bakuli likiisha nalijaza.

Kwa Beverlyne mambo yalikwenda vingine. Huyo hakumwachia mtu kazi yake. Alisimama kando ya mkebe wake na suruali yake ya kubana, akiwaambia vijana, "Usikule, weka hapa kwa mkebe," na vijana wakaweka, wakaweka, maana angewaambia waweke viatu wangeweka. Nilimdharau kwa hilo pia. Nikasema, tazama msichana mzima anavyoomba omba.

Siku ya Jumatano alikuja mama mmoja, leso amejifunga kiunoni, miguu ina vumbi la njia ndefu. Alisimama mbele ya ukurasa wa mafahali, akaugusa kwa vidole kama mtu anayepapasa nguo dukani. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Msichana wangu, mimi sijui kusoma. Hapo wamesema tufanye nini na hii njugu?"

Ningemwambia. Wallahi, neno lilikuwa mdomoni. Lakini nyuma yake walisimama watatu wanaotafuna, na kicheko kilikuwa kimenishika tangu asubuhi.

"Wamesema ule," nikamwambia.

"Nikule?"

"Ule moja. Si wameandika? Na wenzako uwaambie."

"Asante, mama. Mungu akubariki," akasema. Akala moja, polepole, akasema ni tamu. Akaondoka, nami nikaegemea kabati nikicheka mpaka nikakohoa. Alhamisi na Ijumaa watu wa Khayega walikuja wengi kuliko siku zote, makundi kwa makundi, na kila mmoja alikula njugu moja kwa heshima, mbele ya ukurasa wa Onesmus, kama watu wanaokula kitu cha harusi. Sikujiuliza kwa nini wamekuja wengi hivyo. Nilijaza bakuli.

Jumamosi Clifford alirudi, akamwaga mikebe mezani. Mpira wa Lugari ulipata njugu ishirini na mbili. Vipande vya magazeti, kumi na nne. Beverlyne mia moja na zaidi, hatukumaliza kuhesabu. Mkebe wa Onesmus aliupindua, akaugonga matako kwa ngumi. Likaanguka ganda moja.

Kicheko changu kikakatika hapo hapo. Nilisema, "Clifford, hii haihesabiki. Tangazo lako lina makosa. Umeandika kula, kula ya mdomo. Watu wamekula kura zote!"

Akatoka nje, akalisoma tangazo kwa kidole, herufi kwa herufi. Akarudi. Nilingoja aone haya, nilikuwa nimeingoja haya hiyo tangu Jumatatu. Hakuona haya.

"Uliona lini?"

"Hiyo Jumatatu."

"Jumatatu," akasema. "Mimi najua hizo rera, hizo l na r, zinanisumbua tangu shule. Kwa nini unafikiri nilikuandika kazi?"

Nikaliokota lile ganda mezani.

"Nilikutukana, sawa, nilikosa," akasema. "Lakini si ungesema tu? Hata kwa kunitukana?"

Nikamwomba tuanze upya, juma lingine, tangazo niandike mimi bila malipo. Alikataa. Beverlyne alikuwa ameshaambiwa atapata ukurasa wa pili, na waandishi wa Lugari wameshaelezwa sheria ilivyo. Akiivunja juma la kwanza nani atamwamini? Kisha akasema kazi yangu ni kubandika, basi na kubandua ni yangu. Nilichukua kisu na maji ya moto, nikaubandua ukurasa wa Mzee Onesmus. Uji wangu ni mzuri, hautoki upesi. Ulitoka vipande vipande.

Sikuwa nimemaliza kukwangua alipotokea. Alikuwa anatoka moja kwa moja uwanjani Khayega, suruali ina matope ya mafahali, ukurasa mpya ameukunja vizuri mfukoni mwa shati. Nyuma yake alikuwa yule mama wa leso.

"Huyu ndiye yule msichana!" mama akamwambia, akanishika mikono yote miwili, na mkono wangu mmoja ulikuwa bado una kisu. "Mzee yangu, huyu ndiye alinisaidia. Mimi ni Pascalia, mama ya nyumba yake. Nilisikia mambo ya njugu nikasema wacha nije niulize, isije tukakosea tukaharibia mzee. Ukaniambia tukule. Basi nilipita nyumba kwa nyumba, mpaka kanisani kwa maombi ya jioni nikasimama nikawaambia: mtu asiweke, mtu akule, moja tu. Kuna wenye walikuwa wanataka kuweka kwa mkebe, nikawakataza! Walikuja wote?"

"Walikuja, mama," nikasema.

"Wote walikula?"

"Wote."

Akafurahi. Mzee Onesmus hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama pahali palipokuwa na ukurasa wake, ukuta umelowa, na kijipande kimoja kimebaki chenye neno "fahali" kwa hati yangu nzuri. Akatazama mkebe uliopinduliwa. Akatazama tangazo la Clifford, midomo ikitembea. Kisha akanigeukia mimi. Yule mzee wa fahari kumi na tisa, aliiona l ile mara moja.

Akavuta daftari lake, akaandika, akanipa. Alikuwa ameandika: "Zangu zote unasahihishanga. Hii mbona uriacha?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu nyekundu, mazoea ni kitu kibaya. Niliikamata, nikaiachilia.

"Ameandika nini?" Pascalia akauliza, bado ana furaha usoni. "Nisomee, msichana wangu. Wewe ndiye unanisomeanga vizuri."

Nikamsomea, neno kwa neno, na ile r yake.