Dakika Tatu Hazikutosha Salamu za Bibi

Niliota usiku wa kuamkia leo, na kama kuna mtu atakayesema ni kwa sababu ya kushiba maharage, namjibu kabisa kwamba jana tulikula wali na mchicha.

Kwanza nieleze jambo lililonilaza vibaya. Kwenye somo letu la video, Mwalimu Mloka alitupa kazi: kila mmoja wetu wa kidato cha tatu amrekodi mtu anayejua kutengeneza kitu, kwa dakika tatu, isizidi hata sekunde. Nilichukua simu ya mama na maikrofoni ya shule, nikapanda mlimani Matombo kumrekodi bibi yangu, Bibi Kibua, akifinyanga vyungu. Nikaanza na shikamoo, akaitikia. Nilipomwambia kwamba watu wengi watamtazama, alifuta mikono, akaigeukia simu, akaanza kuwasalimu hao watu. Hamjambo nyote? Kisha akanyamaza, ili wapate nafasi ya kuitikia. Mmeamkaje? Akanyamaza tena. Akauliza watoto, akauliza mvua, akauliza wagonjwa, na kila swali akalipa muda wake. Baada ya hapo ndipo akashika udongo.

Mwalimu anasema tukate kila kisichoisukuma habari mbele. Nikazikata salamu zote, kuanzia shikamoo yangu. Leo mchana wazazi wanakuja shuleni kutazama kazi zetu, na Bibi anashuka mlimani kuja kujiona. Kitenge ameshakipiga pasi.

Basi. Ndotoni nipo kwenye chumba cha kompyuta, ila chumba chenyewe kiko uani kwa Bibi, na kompyuta zinadonoa pumba pamoja na kuku. Sioni ajabu yoyote. Namfukuza jogoo kwenye kiti changu, naketi.

Mjomba Damasi anaingia na mzigo wa kuni. Hana kichwa. Siku ile nilimrekodi akipita nyuma ya Bibi, nikaishika simu vibaya, kila kilichokuwa juu ya mabega yake kikabaki nje ya picha. Mwalimu alikuwa ametuonya tusikate watu vichwa.

"Siwema," anasema Mjomba, sauti ikimtoka kwenye kola ya shati, "kile kichwa changu ukikiona uniambie. Sina haraka nacho, ila kofia imekosa pa kukaa."

"Samahani, Mjomba. Kitakuwa hapo juu kidogo."

"Hata mimi nilidhani hivyo," anasema. Anatua kuni, anaondoka akipapasa hewa taratibu, asije akamgonga mtu.

Ndipo namwona Bibi. Amekaa kwenye kigoda chake, donge la udongo liko mbele yake, na mikono ameiweka magotini. Hafinyangi.

"Nakauka," linasema donge la udongo.

"Si umwambie Bibi akulowanishe?"

"Bibi ataanzaje kazi mbele ya mtu ambaye hajamsalimu? Umelelewa wapi wewe?"

Napiga goti. Nafungua mdomo niseme shikamoo, na kinachotoka ni hiki: "Udongo mzuri unatoka bondeni, kule kwenye matete." Najaribu tena. Udongo mzuri unatoka bondeni. Nilikata hapo, video ikaanzia kwenye maneno hayo ya Bibi, na sasa mdomo wangu ukifika hapo unaruka. Bibi ananitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtu mwenye homa. Wala hakasiriki, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikakimbia kutafuta msaada. Hatua ya kwanza ilikuwa uani, ya pili ikatua sokoni Morogoro mjini, na huko nako mambo yalikuwa yameharibika. Hakuna aliyeweza kumsalimu mwenzake. Kila mtu alianzia katikati. Mama muuza nyanya anamwambia mteja, "Ndiyo maana mbuzi akalala nje," na mteja anamjibu, "Hapana, huyo alikuwa shemeji." Wanawake wawili waliosoma pamoja na kupotezana miaka mingi wakakutana mbele yangu, wakaongea kuhusu bei ya mkaa, wakaachana bila kujua kwamba wamekutana. Nilitaka kuwaita. Nikawaambia kwamba udongo mzuri unatoka bondeni.

Kwenye kona ya soko imekaa maikrofoni ya shule. Tunaivisha soksi ili upepo usivume ndani yake, na soksi yenyewe ni ya Mwalimu Mloka, ya mguu wa kushoto. Inalinda kapu kubwa la ukindu.

"Humu mna vyote mlivyokata mwaka huu," inasema, sauti ikiwa nzito kwa sababu ya soksi. "Vikohozi, vicheko, mbwa aliyepita, mtoto aliyeuliza kama tayari. Unatafuta nini?"

Namshukuru Mungu kwamba haikunidai salamu kwanza. "Natafuta salamu za bibi yangu."

"Aa, zile. Nilizipokea mimi mwenyewe. Alipouliza wagonjwa nilitaka kumwambia wanaendelea vizuri, nikakumbuka mimi ni maikrofoni."

Inaingia kapuni nusu mwili, inazitoa moja moja, inanipa. Bado zina udongo wa vidole vya Bibi. Maneno ni mepesi, yanakaa kiganjani. Ule ukimya wa katikati ndio mzito, nikalazimika kuusukia ngata na kuubeba kichwani.

Nikageuka, nikawa uani tena. Mwalimu Mloka amesimama jikoni kwa Bibi, mguu wa kushoto hauna soksi, mkononi ameshika sufuria.

"Hii ndiyo dakika tatu," anasema. "Video yote iingie humu, na kifuniko kifunge. Kisipofunga, wazazi hawaoni kitu."

Tunapakia. Linaingia bonde lenye matete, inaingia mikono ya Bibi ikizungusha ukingo wa chungu, unaingia moto wa kuchomea. Juu yake naweka salamu, na ukimya wake wote. Kifuniko kinagoma. Mwalimu anakikalia. Kinamwinua.

"Punguza," anasema kutoka huko juu. "Toa kisichosukuma habari."

Naingiza mkono ndani ya sufuria mpaka chini kabisa, nakuta kitu cha moto. Ni jina langu. SIWEMA, kwa herufi za dhahabu zinazojizungusha huku zikitoa cheche, na ngoma inapigwa nyuma yake. Ndilo nililoliweka mwanzo kabisa wa video, kabla ya Bibi. Nililitengeneza wiki nzima na darasa zima lilishangilia.

"Mimi hunitoi," linasema jina. "Bila mimi nani atakujua?"

"Nakupenda sana," nikaliambia, na ni kweli.

"Basi mtoe bibi yako. Yeye hajui hata sufuria hii ni ya nini."

Nikamtazama Bibi. Alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, akiwasubiri watu aliowauliza hali waitikie. Donge la udongo lilikuwa limeanza kupasuka ufa. Mtu ameketi kuwauliza watu nisiowajua kama watoto wao ni wazima, nami nimemfungia nje ili jina langu lizunguke!

Nikalishika jina kwa tambara la kuepulia, nikalirusha. Likaenda likizunguka na cheche zake mpaka kwenye mabega ya Mjomba Damasi, likatulia pale pa kichwa.

"Linatosha kwa sasa," Mjomba akasema, akavaa kofia.

Kifuniko kikashuka na Mwalimu akiwa juu yake, kikafunga. Nikakimbia kwa Bibi, nikapiga goti kwenye vumbi, nikaogopa kidogo, nikafungua mdomo.

"Shikamoo, Bibi."

Likatoka zima. Bibi akainua uso, macho yakamcheka, mkono mmoja ukaenda kwenye maji na mwingine kwenye udongo. Akavuta pumzi ili aniitikie, na hapohapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda changu, ameninyooshea simu. "Bibi yako huyu, amefika stendi ya Matombo. Anakutaka wewe, mimi hata hajaniambia la maana."

Nikaiweka simu sikioni. Ulimi ulikuwa bado umelala, nilikuwa sijatamka hata neno moja.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Umeamkaje?"

Kisha akanyamaza, ili nipate nafasi ya kuitikia.