Darasa la Kuwahi

Mji wa Wetauga, Alabama, ulikuwa umetangaziwa kazi mara nyingi kuliko ulivyowahi kuziona kazi zenyewe. Safari hii meya aliapa kwamba ni kweli: kiwanda cha betri kinakuja, nafasi mia sita. Bango likapachikwa kwenye ukuta wa kilichokuwa kiwanda cha soksi, ambacho sasa ni nyumba za kupanga za matajiri wasiovaa soksi.

Verlene Suggs alishona soksi humo miaka ishirini na miwili na hakuchelewa hata siku moja. Sasa alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na binti yake wa Atlanta alishatoa neno la mwisho: asipopata kazi kufikia Juni, nyumba inauzwa, mama anahamia chumba cha juu ya gereji. Verlene hakuitaka gereji ya mtu. Aliitaka baraza yake, kanisa lake na majirani zake wambea.

Barua ya usaili ilisema mlango unafungwa saa tatu kamili. Aliondoka mapema, lakini njiani akakutana na gari la maiti na msururu wa magari yaliyowasha taa. Akaegesha pembeni kama kila mtu. Huko Wetauga hata mwizi anayekimbizwa na polisi husimama maiti apite, na polisi naye husimama nyuma yake. Marehemu alikuwa na ndugu wengi ajabu. Verlene alipofika, mlango umefungwa, na nje wamejaa watu karibu mia mbili wenye udhuru mmoja.

"Kwani nani kafa?" aliuliza.

"Simjui," alijibu Odell Tarpley, fundi wa zamani wa mashine za soksi. "Ila kakosa adabu. Siku zote hizo, kachagua ya usaili!"

Aliyewahi alikuwa mmoja tu, mgeni kutoka Ohio, ambaye alidhani wale wote pembeni wameharibikiwa na magari.

Kiwanda kikatangaza kwamba watu wa Wetauga hawajui saa. Meya hakukasirika hata kidogo. Aliomba fedha serikalini akaanzisha mafunzo ya kuwahi kazini, na atakayemaliza bila kuchelewa ataajiriwa. Akatafutwa mwalimu mwenye rekodi safi, akapatikana Verlene. Kati ya nafasi mia sita, ya kwanza kujazwa na mwenyeji ikawa ya kuwafundisha wenyeji kwa nini hawakuzipata.

Bwana Kimmel, mkaguzi wa kiwanda, alimkabidhi kitabu. Somo la kwanza lilisema: msafara wa mazishi si sababu.

"Na wewe ukichelewa mara moja, Bi Verlene, basi."

"Siku nikifa mimi, hutasimama?"

"Nitatuma maua."

"Mungu akubariki, baba," alisema Verlene, kwa ile sauti ambayo huko Wetauga hutumika badala ya matusi.

Jumatatu ya kwanza, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano darasa lianze saa tatu, akaziona zile taa za msafara. Aliiona gereji ya Atlanta, ngazi zake na kila kitu, akakanyaga mafuta. Kisha akamwona mwanamke kwenye gari la pili, ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Siku alipomzika mumewe, yeye pia aliegemea hivyo, na dereva wa lori la magogo, mtu asiyemjua mpaka leo, alishuka akavua kofia. Kwa ile kofia alipata nguvu za kufika makaburini.

Akaegesha. Alishuka akilia kwa hasira, akimlaumu marehemu, meya na betri zote duniani.

Alipogeuka, nyuma yake kulikuwa na magari ya watu anaowafahamu. Odell alikuwa ameshikilia kofia kifuani. Darasa zima lilikuwa pale, kimya, kando ya barabara.

Gari la mwisho lilipita saa tatu kamili. Verlene akafuta macho, akatoa daftari la mahudhurio.

"Tarpley, Odell."

"Nipo, mwalimu!"

Aliwaita wote thelathini na mmoja, wote wakaitika. Chini kabisa kulikuwa na jina ambalo mwenye jina alikuwa ameliandika kwa mkono wake, ili awe mfano kwa wengine.

"Bwana Kimmel?"

"Yuko darasani," alisema Odell. "Yeye kawahi."

Verlene akailamba ncha ya penseli, akaandika: hayupo.