Bao la Pekee la Kocha Anselmo

Kocha Anselmo alifariki Jumanne, na kwa kuwa nilikuwa muuguzi wake wa nyumbani kwa miezi saba, kanisa letu la Wakenya hapa Weston, Kanada, lilinipa kazi ya kuandika wasifu wake. Kwetu marehemu hazikwi kabla wasifu haujasomwa: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini. Yeye alikuwa Mhispania, lakini alifundisha timu ya kanisa miaka kumi na mmoja, akala chapati zetu, akawa wetu.

Kwao alikuwa beki wa kati. Miaka kumi na minne, klabu ile ile moja.

"Dada Jeptoo, alifunga mabao mangapi?" Cliff, nahodha wa timu, aliniuliza tukipanga mazishi.

"Moja."

"Moja! Na vile alikuwa anatukemea tukikosa penalti?" Watu wakacheka kidogo, macho bado mekundu. "Basi hilo liandike kwa herufi kubwa."

Bao lile alijifunga. Mechi ya mwisho ya msimu, dakika ya themanini na nane, aliurudisha mpira kwa kichwa kwa kipa, kumbe kipa ameshatoka golini. Klabu ikashuka daraja. Anselmo akaacha mpira, akaja Kanada, na hakurudi hata mama yake alipokufa. Kipa alikuwa mdogo wake, Jacinto. Hawakuongea tena.

Aliniambia hayo nikimnywesha uji. "Siku ukisoma habari zangu, lisome na hilo. Usinipambe."

Nilimwahidi. Lakini kwetu marehemu hasemwi vibaya, na Jumamosi Jacinto alikuwa ameketi mbele kabisa, ametoka uwanja wa ndege asubuhi hiyo, Valerie wa kwaya yetu, ajuaye Kihispania, akimtafsiria sikioni. Ningeuruka mstari ule, nani angejua?

Nikausoma.

Cliff akainamisha kichwa. Jacinto akasikiliza hadi mwisho, kisha akasimama bila kuitwa. Alisema polepole, Valerie akitafsiri.

"Kipa akitoka, lazima aite. Beki hana macho kisogoni. Siku ile sikuita. Walipomlaumu yeye, nikanyamaza. Nilingoja anipigie simu anigombeze, ndipo nikiri. Hakupiga. Miaka ishirini na miwili."

Anselmo hakuwahi kuniambia hilo.

Makaburini tulitupia udongo kwa zamu, kama ilivyo desturi yetu. Nilimwonyesha Jacinto namna ya kuuchota kwa mkono. Akasimama ukingoni, udongo ameufumbata ngumini, kisha akapaza sauti kwa neno moja hadi watu wa kaburi la mbali wakageuka.

"Amesema nini?" nilimuuliza Valerie.

Alifuta uso kwanza. "Wangu. Anaita mpira, kaka yake amwachie."

Ndipo Jacinto akaufungua mkono.