Kifafa Alivyokuja Kuniposa

Usiku wa kuamkia leo niliota Kidonge, yaani dawa yangu ya kifafa, amekaa kwenye mkeka wa mama anakula halua. Kavaa kanzu nyeupe, na mstari wake uleule katikati ya kichwa.

"Mimi siingii kabla hujala," akasema. "Ni baada ya chakula. Imeandikwa kwenye bahasha."

Yeye sina neno naye. Walionikera ni ndugu zake aliokuja nao. Usingizi kajilaza mlangoni, kila anayepita sharti amruke. Kizunguzungu anaizungusha nyumba: jiko lilikuwa uani, sasa liko chumbani kwangu. Kuona-Viwili ana sahani mbili na anadai nne. Wiki nzima watu hawa wamenisinzisha kwenye cherehani mpaka nikashona mkono wa gauni kwenye pindo. Nimechoka!

"Kidonge, chukua ndugu zako mwondoke."

"Ghafla hivi? Hata daktari hujamuuliza?"

"Nendeni!"

Wakaenda. Jiko likarudi uani, nami nikashusha pumzi.

"Hodi!"

Ni Kifafa mwenyewe. Kilemba, bakora, marashi yananukia mpaka barabarani. Mshenga wake ni feni ya mezani, anageuza kichwa taratibu ili kila mtu apate salamu.

"Tumesikia binti hana mtu sasa," feni anasema. "Tumekuja kumwomba, aishi na kijana wetu."

Mama ananigeukia. "Mwanakombo, mwanangu, unasemaje? Ukinyamaza tutajua umekubali."

Kwetu ndivyo ilivyo, mwali akinyamaza amekubali. Nataka kusema sitaki. Taya zimekaza! Nalisukuma neno, halitoki.

"Kanyamaza," feni anasema kwa furaha. "Leteni kashata."

Mashangazi wanaanza vigelegele. Naogopa, wallahi naogopa. Bwana huyu namjua, ameshaniangusha sokoni mbele za watu, na leo wanataka kunikabidhi kwake moja kwa moja.

Mara Usingizi huyo, anarudi. Kasahau kandambili zake. Ananipita karibu, anapiga mwayo, na mwayo unavyoambukiza mnajua wenyewe. Nami napiga wangu, mpana kweli, taya zinaachia, na neno linatoka humohumo:

"SITAKI!"

Feni akazimika. Kifafa akachukua bakora yake, akatoka bila kuaga.

Nikaamka. Kumekucha, mama anakoroga uji. Nikanywa uji kwanza, kisha nikameza kidonge changu kwa adabu zote. Huyo Usingizi nitamshtaki kwa daktari, wamalizane wao.

Bi Rukaya wa nyumba ya pili akachungulia dirishani.

"Mwanakombo, yule bwana wa kilemba mmemfanya nini? Nimepishana naye pale kona analia, kakumbatia feni."