Mwandiko wa Tsuneko

Vita vilikuwa vimeitafuna Kyoto kwa mwaka wa saba. Bwana Sanefuyu, aliyewahi kusoma mashairi mbele ya mfalme, sasa aliishi kibandani uani mwa hekalu, akiwaandikia wafiwa beti za maombolezo ili apate mtama. Mkewe, Tsuneko, aliteketea na nyumba yao. Tangu hapo mkono wa Sanefuyu haukumtii: kila alipoandika, herufi zilitoka nyembamba, zimelalia kushoto, mikia imepinda juu. Ndivyo alivyoandika marehemu. Hakumwambia mtu, ila alianza kuiogopa brashi yake.

Asubuhi moja akaingia jemadari mmoja, Morikage, matope hadi magotini.

“Bwana mkubwa wa ikulu anakula mtama,” alisema. “Farasi wangu angeususa.”

“Farasi wako hajui kuandika,” Sanefuyu alijibu. “Umefiwa na nani?”

Alikuwa amefiwa na mdogo wake. Sanefuyu akasaga wino, akaandika mstari wa kwanza. Jemadari aliinama kuutazama, kisha akakaa chini.

“Mwandiko huu naujua,” alisema. Akatoa kifuani gombo lililoungua pembeni. “Vijana wangu ndio walioichoma nyumba lilikotoka. Mama mmoja alinipitishia hili dirishani. Akasema nimpelekee mumewe, jina liko nyuma. Miaka minne nimeogopa kulipeleka.”

Sanefuyu aliweka brashi chini.

“Dirisha lilikuwa pana?”

“Lilikuwa pana, bwana.”

“Ungeweza kumvuta?”

“Ningeweza. Mkono niliounyoosha ulipokea karatasi. Nilipounyoosha tena, paa lilikuwa limeshuka.”

Sanefuyu alilifungua gombo. Alidhani angekuta maandiko ya mababu, hazina ya ukoo. Hayakuwa hayo. Yalikuwa mashairi yake mwenyewe ya ujana, yale aliyoyaonea haya akayatupa. Tsuneko aliyaokota, akayanakili moja moja. Mengi yalikuwa mabovu. Harufu ya moshi ilikuwa bado imo.

Hakumfukuza Morikage. Alishika brashi, akamalizia ubeti wa mdogo wake jemadari, herufi zikilalia kushoto, na safari hii hakushindana nazo. Akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Jemadari aliinama hadi paji likagusa mkeka, akaondoka.

Sanefuyu alirudi kwenye gombo. Katika shairi la tatu palikuwa na neno moja ambalo Tsuneko alikosea kulinakili. Alichovya brashi ili alisahihishe, akaishika hewani mpaka wino ukakauka.