Nani Kala Firigisi

Kila Disemba ilipoingia Kisumu, Absalom Opiyo alianza kupita njia za nyuma. Si kwamba alikuwa na adui, la. Alikuwa akiukimbia wimbo wake mwenyewe. Wenye maduka walitoa spika mlangoni, wakapangusa vumbi kwenye rekodi ileile ya mwaka jana, na kabla hujafika sokoni masikio yalikuwa yameshachoka. Gita linaingia kwa madaha, kengele ya baiskeli inalia kring kring, halafu sauti ya Absalom, ile ya ujana, inauliza: "Krismasi imefika, nani kala firigisi?" Na mji mzima, wauza samaki, makarani, mpaka watoto wa shule ya Jumapili waliotakiwa kuimba habari za Bethlehemu, unajibu: "Nelima!"

Haki, ulikuwa wimbo mtamu. Tusidanganyane. Mwanamume anatoka mjini na suti yake, amebeba mkate na sukari, anafika Awasi kwa mpenzi wake kula Krismasi. Anafunua sufuria. Kuku yupo, firigisi haipo. Anauliza, na mwanamke anafuta mdomo. Basi, ndio huo wimbo. Na upande huu wa ziwa kila mtu anajua firigisi ni ya nani: ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni mwanamume anayeheshimiwa. Mwanamke akiila, ameila heshima yenyewe. Watu walivunjika mbavu.

Shida ni kwamba Nelima alikuwa mtu wa kweli, na mwanamume wa kweli hakufika.

Ilikuwa Krismasi ya sitini na tano. Nelima, msichana wa Kibukusu, alikuwa akiuza vitambaa Awasi na kukaa kwa shangazi yake. Absalom alikuwa amemwahidi kwamba atakuja kula kwao ili aonekane na mjomba. Mjomba alitoka Kimilili kwa basi, mzee wa watu, na koti lake la kanisani, kuja kumtazama huyo kijana wa Kijaluo anayepiga gita. Absalom alivaa, akachana nywele, akafika mpaka stendi. Hapo akakutana na wenzake wa bendi. "Moja tu," wakamwambia. Lakini si bia iliyomshika. Aliogopa macho ya mjomba. Adhuhuri ikamkuta amelala kwenye benchi mtaani Kaloleni, hapohapo Kisumu, miguuni viatu vipya. Kule Awasi kuku alikuwa mezani, firigisi iko kwenye sahani yake peke yake, na watu wanatazama barabara. Mwishowe mjomba akasema chakula kinapoa, na hii firigisi ale nani? Yeye hakuwa mwenye nyumba, na hakutaka kula fungu la mtu mwingine. Nelima, kwa hasira na haya, akaichukua mbele ya wote akaitia mdomoni.

Ni yeye mwenyewe aliyemsimulia Absalom baadaye, akicheka huku machozi yanamtoka. Penzi likaishia hapo. Absalom alihuzunika, ndiyo, lakini alipofika kwenye kile kisa cha firigisi aliuona wimbo, na alipouona wimbo hakuona kitu kingine tena. Alirekebisha kitu kimoja tu: katika wimbo, mwanamume alifika. Asingefika, nani angecheka?

Ulitoka Krismasi iliyofuata, na jina la Nelima likafika kusiko na basi. Wateja Awasi walimpimisha kitambaa wakimuuliza, "Mama, firigisi haijambo?" Mwalimu mmoja alimchumbia, mama wa mwalimu akakataa katakata. Mwanamke asiyeweza kumwachia mume firigisi, alisema, atamwachia nini? Absalom aliyasikia hayo yote. Roho ilimsuta, tena sana, siku mbili tatu. Kisha Disemba ikaja na akauimba tena, kwa maana huo ndio wimbo uliofanya watu wamjue Absalom ni nani. Bila huo alikuwa mpiga gita kama wengine waliojaa Kisumu.

Miaka ikaenda. Absalom akaoa, akapata binti, Apiyo, akapewa nyumba Kaloleni. Jumamosi moja mchana, mwaka wa sabini na nne, Krismasi ikiwa karibu, akiwa barazani anabadilisha nyuzi za gita, akasikia hodi. Kuinua macho, ni Nelima.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe, Beldina, ambaye hakumjua mgeni, alitoka na tabasamu, akaleta kiti, akaleta chai.

Nelima hakuzungukazunguka. "Bwana Absalom, sijaja kwa ubaya. Nimepata mtu. Anaitwa Waliaula, fundi wa reli, alifiwa na mke. Watu wake wanakuja kwetu mwezi wa kwanza."

"Ni jambo jema," alisema Absalom, akiutazama uzi wa gita.

"Wimbo wako anaujua. Tena anaupenda. Hajui kwamba ni mimi. Akina Nelima ni wengi. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikipata wakati mzuri. Sasa, siku ya pili ya Krismasi anakuja kwenye ngoma yenu hapa ukumbini Kaloleni na dada zake, na mimi nitakuwa nao. Ukiimbwa pale, hatakosekana mtu wa Awasi wa kunionyesha kidole. Imba nyimbo zako zote. Huo uache. Mwaka huu tu."

Absalom akainua mkono juu. "Haki ya Mungu, sitauimba."

"Usiape," Nelima alisema, akiweka kikombe chini. "Usiimbe tu."

Alipoondoka, Beldina, aliyesikia yote akiwa mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mgeni. Kisha akasema, "Kwa hiyo ndiye."

"Ndiye nani?"

"Baba Apiyo, usinifanye mjinga. Huo wimbo niliucheza siku ya harusi yetu mpaka kiatu kikakatika. Na yule mwanamume aliyefunua sufuria, ni nani?"

Absalom aliliweka gita chini. "Hakufunua sufuria. Hakufika."

Beldina akakusanya vikombe. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Basi chunga mdomo wako," alisema, akaingia ndani.

Siku ya pili ya Krismasi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Jua la saa tisa lilikuwa juu ya mabati, watu wanatoka jasho ndani ya nguo mpya. Na kama ilivyo desturi kwenye ngoma za Wajaluo, kila baada ya muda mtu alisimamisha muziki ajisifu. Ndiyo pakruok hiyo. Unainua mkono, unakwenda mbele na sarafu yako, na bendi inanyamaza. Unajitaja, unawataja watu wako, unajimwagia sifa mpaka uridhike. Wanamuziki hawagusi hata uzi mmoja mpaka wewe uliyesimamisha useme "Endelea". Hata awe mlevi asiyejua mlango uko wapi, wimbo aliousimamisha ni wake mpaka auachie. Absalom mwenyewe aliwahi kumfukuza mpiga ngoma aliyeivunja sheria hiyo.

Aliimba wa kwanza, akaimba mwingine. Watu wakaanza: "Firigisi! Firigisi!" Akaimba mwingine tena, wa polepole, hakuna aliyecheza. Wakoli, mpiga gita la pili, rafiki yake wa tangu ujana, akamsogelea.

"Kaka, hawa watavunja viti. Wape wimbo wao."

"Leo huo hapana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo Absalom alipopaswa kusema. Lakini kusema kungetaka aeleze habari zote, mpaka ile benchi na vile viatu vipya, na Wakoli alikuwa amecheka wimbo huo kwa miaka akiamini kila neno. "Basi tu," akasema. Wakoli akainua mabega, akadhani ni maringo, akaanza kuupiga. Kengele ya baiskeli ikalia. Ukumbi mzima ukasimama.

Mtu atasema si yeye aliyeanza. Ng'o! Gita lilikuwa la Wakoli, mdomo ulikuwa wa Absalom. Angeufunga. Lakini kelele zile zilimpanda kichwani, akajiambia ni ubeti mmoja, akatazama juu kwenye mabati asiwaone waliokaa, akaimba. Na aliimba vizuri, ndiyo aibu yenyewe. Aliimba kama hajawahi kuimba.

Aliposhusha macho alimwona Nelima katikati ya viti, na kando yake mwanamume mnene wa koti la kahawia akipiga makofi kwa furaha kama mtoto. Huyo ndiye Waliaula. "Nani kala firigisi?" Absalom akauliza, na ukumbi ukajibu, na mwanamke mmoja wa Awasi akageuka, akanyoosha kidole, akicheka bila nia mbaya yoyote: "Yawa! Si huyu hapa mwenyewe!"

Dada za Waliaula wakatazama. Mikono ya Waliaula ikabaki hewani.

Nelima akasimama. Akainua mkono, akapita katikati ya watu taratibu, akaweka sarafu jukwaani mbele ya miguu ya Absalom. Bendi ikanyamaza, maana ndiyo desturi.

"Mimi Nelima," alisema. "Binti wa watu wa Kimilili. Muuza vitambaa wa Awasi, nisiyempunja mtu kipimo."

Watu wakashangilia, kama wanavyoshangilia pakruok yoyote.

"Mimi niliyepika kuku Krismasi ya sitini na tano. Mimi niliyepanga viti, nikamkalisha mjomba wangu akiitazama barabara mpaka jua likageuka. Mimi niliyekula firigisi."

Wachache walicheka. Wengine walikuwa wameanza kunyamaza.

"Niliila. Sikatai. Niliila kwa sababu mwenyewe hakuja. Katika wimbo alikuja, kwetu hakuja. Muulizeni Absalom huyo mtu alikuwa wapi."

Ukumbi wote ukamgeukia. Wakoli akamtazama. Kule mlangoni alikuwa amesimama Beldina, na yeye akimtazama. Yalikuwa maneno machache tu: nilikuwa nimelewa, niliogopa, nilidanganya. Absalom alifungua mdomo ule uliokuwa umeimba sasa hivi, na hakikutoka kitu.

Nelima alingoja. Alimpa nafasi, hilo ni lazima lisemwe. Kisha akageuka akatoka nje kwenye jua. Waliaula akasimama, akautazama mlango, akawatazama dada zake waliokuwa tayari wanachukua mikoba, akawafuata dada zake.

Hakuna aliyesema "Endelea".

"Tufanyeje?" Wakoli akanong'ona. Absalom akalivua gita shingoni akaliegemeza ukutani.

Krismasi iliyofuata kijana mmoja aliuomba wimbo, na mwanamke akapaza sauti kutoka nyuma: "Ulisimamishwa huo! Mwenyewe hajauachia." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeucheza. Habari ikasambaa. Mama wa Kaloleni akimsikia mtoto akiuimba alimkanya. Wenye maduka wakawa wanaigeuza rekodi wapige upande wa pili, kisha wakaacha hata huo, maana zilikuja nyimbo mpya kutoka Nairobi na vijana hawakujua tena firigisi ya nani. Beldina alichukua rekodi ya nyumbani akawa anafunikia jagi la maziwa. Absalom aliiona kila asubuhi alipokunywa chai.

Ungedhani angepata nafuu. Sasa alipita barabara kubwa Disemba nzima bila kujificha, na ndipo roho ilipomsuta zaidi. Zamani aliweza kuulaumu wimbo. Sasa wimbo haupo, amebaki yeye.

Krismasi ya sabini na saba alivaa suti, akanunua mkate na sukari, akafika stendi. Wenzake wa zamani walikuwa pale wakamwita. Akapanda basi la Awasi.

Nelima alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na mvi kidogo kando ya kitambaa cha kichwa. Alimtazama, akautazama mkate.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Karibu ndani."

Alikuwemo shangazi tu, mzee sana sasa, amejifunika shali. Absalom akauliza habari za mjomba, na Nelima akamwambia mjomba alifariki mwaka juzi. Akamwonyesha kiti. Kilikuwa kimeelekea barabarani.

"Nelima," Absalom alianza, "nimekuja kukuambia kwamba mimi..."

"Kula kwanza. Chakula kinapoa."

Alimnawisha mikono. Akaleta ugali, akaleta kuku, na juu ya kuku, peke yake, ilikuwa firigisi.

"Siwezi kuila hii," Absalom alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mgeni akifika anapewa firigisi. Na mwaka ule ungefika, ungekula."

Akaila. Aliitafuna sana na ilikataa kushuka, shangazi akimtazama, Nelima akimtazama, barabara ya Kericho iko mlangoni na magari yanapita. Alipoimeza alifuta mdomo. Kisha akasema yote, ile benchi, ule woga, ule uongo, na Nelima akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, Absalom aliweka mikono magotini, akimngoja Nelima aseme lile neno moja ambalo hakulisema ukumbini.

Nelima akachukua sahani akaenda kuiosha.