Rosemary Alienda Mutuka kwa Niaba Yangu

Mwezi wa Julai, kwenye pwani ya Musandam kule Omani, mwamba uliopigwa na jua mpaka saa tatu asubuhi haushikiki tena kwa mikono mitupu. Nililijua hilo kabla sijaiona bahari hata siku moja.

Safari hiyo niliipanga kwa miezi minne pamoja na Rosemary. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu, na tangu turudi Babati tulikuwa tunapanda miamba ya Sigino kila Jumamosi kwa kamba mbili tulizoachiwa na mkufunzi wetu. Klabu moja ya wapanda miamba ya huko Omani ikatupa nafasi mbili. Kazi ya kupanga ilinifaa kwa sababu haihitaji kuongea. Niliandika kwenye daftari mwamba upi una kivuli asubuhi na upi jioni, kila mtu abebe maji kiasi gani, boti itupeleke saa ngapi. Simu alipiga Rosemary.

"Wewe panga, mimi niongee," alikuwa akisema. "Ukiongea wewe watadhani simu imekatika."

Fomu ya klabu ilitaka saini ya mzazi, hata kwa mtu mzima, kwa sababu ya hatari ya ajali. Hapo nikakwama. Nyumbani kwetu binti hasimami mbele ya baba yake kuomba jambo kubwa namna hiyo. Hutafuta mtu wa kumsemea, na baba hujibu kupitia kwa mtu huyohuyo. Nilipotaka kwenda chuo, shangazi Wilhelmina ndiye aliyenisemea. Safari hii alikuwa anaumwa, amelazwa hospitalini Dareda.

"Niachie mimi," alisema Rosemary. "Mzee Xaveri ananipenda kuliko anavyokupenda wewe."

Alikwenda kwetu Mutuka Jumapili baada ya misa. Nilimsubiri chumbani kwangu, karibu na soko. Aliporudi alikaa kitandani, akanishika mkono, akaniita kwa jina.

"Kata, amekataa."

"Kasemaje?"

"Kasema hapana. Nimembembeleza mpaka nikaona aibu. Usimuulize, rafiki yangu. Utamkasirisha bure."

Sikumuuliza. Nililia, naye akalia. Kesho yake niliiandikia klabu kwamba najitoa, na kabla wiki haijaisha nafasi yangu ikawa ya Venance, mchumba wake, aliyeanza kupanda nasi tangu Pasaka. "Afadhali isipotee," alisema Rosemary. Nilimpa Venance daftari langu, nikamweleza vivuli vyote, mwamba mmoja baada ya mwingine. Aliuliza maswali mazuri.

Jumamosi ya mwisho ya Juni nilikwenda nyumbani kusaidia kupura maharage. Mama alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya, kwa hiyo tulikuwa wawili tu uwanjani, mimi na Baba, kila mmoja na fimbo yake.

"Umepungua, mama," alisema. "Bado una wasiwasi na ile safari?"

Nikamjibu hapana.

"Usiwe nao. Nilikataa kama ulivyotaka. Mwenzako alinieleza vizuri."

"Alieleza nini, Baba?"

Aliendelea kupiga maharage. "Kwamba unaiogopa ile miamba, lakini unaona haya kujitoa mwenyewe. Kwamba umemtuma aje aombe nikatae, ili lawama iwe yangu." Alitabasamu kidogo. "Nikamwambia sawa. Lawama ya mtoto naibeba, si mzigo."

Mikono yangu haikuacha kupiga. Nilisema, "Asante, Baba." Kisha nikasema nimesahau kitu mjini, nikachukua bodaboda.

Rosemary alikuwa anakunja nguo, begi liko wazi kitandani.

"Mambo, Kata. Si uko Mutuka leo?"

"Ulimwambia Baba naogopa."

Blauzi ilibaki mikononi mwake. "Nani kakwambia?"

"Baba."

"Mmeongea?" Mshangao wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Wewe na mzee? Mmeongea hayo?"

Ndipo nikaelewa. Hakuutegemea uongo wake. Aliitegemea nyumba yetu, ambamo mimi nisingeuliza na Baba asingesema. Na nyumba hiyo nilimwonyesha mimi mwenyewe, jioni nyingi chuoni, nikimsimulia mambo ambayo sikuwahi kumsimulia mtu.

"Venance aliitaka sana hii safari," alisema. "Nisingekaa kwa amani. Na wewe, Kata, wewe huwezi kusema hapana. Ningekuomba, ungenipa tu."

"Mbona hukuniomba?"

Alirudi kwenye nguo zake, akakunja blauzi ileile mara mbili.

"Usimwambie mzee," alisema. "Tafadhali. Nitamwangaliaje?"

Ni kweli, angeniomba ningempa. Hilo ndilo lililoniuma njia nzima ya kurudi Mutuka.

Baba alikuwa anamalizia kujaza gunia. Nilisimama mbele yake bila mtu wa kunisemea.

"Baba, sikuogopa. Sikumtuma aseme vile. Nilitaka kwenda."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Alikaa juu ya gunia. "Hiyo karatasi ya kusaini iko wapi?"

"Imeshapelekwa ya mtu mwingine. Wanaondoka Jumatatu."

Alitoa maganda ya maharage kwenye mikono ya shati lake, moja moja.

"Mama yako alimchinjia kuku yule mwenzako," alisema mwishowe. "Alikula, akaomba aongezewe ugali. Na kabla ya kuondoka alituongoza kusali. Alikuombea wewe, kwa jina."